Kufunga kioo juu au kutumia mwonekano mbashara: ipi ikufae kwenye kamera ya DSLR?

Mpiga picha anaweza kupanda darini jioni ya mwezi mwandamo, akaisimamisha kamera yake juu ya tripodi nzito, akafunga lenzi ya milimita 300, akaiweka shuta, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga wa picha, kwenye 1/15 ya sekunde na kupiga kwa rimoti bila kuigusa kamera hata kidogo, kisha akarudi chini na hilali yenye kingo mbili. Upepo haukuvuma wala mkono haukugusa kitu. Kilichoitikisa kamera ni kamera yenyewe.

Ndani ya kila DSLR, yaani kamera ya kidijitali ambayo jicho huona kupitia lenzi ileile inayopiga picha, kuna kioo kidogo kilichoinama kwa nyuzi 45 mbele ya shuta, na kazi yake ni kuupeleka juu mwanga ulioingia kwenye lenzi ili jicho lililo kwenye kitazamio lione kile ambacho lenzi inakiona. Kitufe kikibonyezwa, kioo hurushwa juu kwa kasi na kugota mwisho wa njia yake, shuta hufunguka na kufungwa, kisha kioo hurudi chini. Mlio ule tuliouzoea, ambao wengi wanaupenda, kwa sehemu kubwa ni wa kioo hicho, na mshindo unaotoa mlio ndio huohuo unaotetemesha lenzi na tripodi.

Dawa zipo mbili, nazo zinatokana na wazo moja: kioo kiinuke mapema, ili mtetemo wake uishe kabla ya picha kuanza. Ya kwanza ni kufunga kioo juu, ambapo kubonyeza kwa mara ya kwanza huinua kioo tu na kubonyeza kwa mara ya pili ndiko hupiga picha. Ya pili ni mwonekano mbashara, ambapo kioo huinuliwa na shuta huachwa wazi ili kihisi cha kamera, yaani kile kinachorekodi picha, kionyeshe mandhari moja kwa moja kwenye skrini ya nyuma. Njia ya kwanza ni ya zamani. Kioo cha Nikon F ya mwaka 1959 kiliweza kufungwa juu, ingawa sababu mojawapo ilikuwa lenzi pana ambayo mkia wake uliingia hadi mahali pa kioo. Ya pili ilienea baadaye sana, hasa tangu mwaka 2007, zilipotoka kamera kama Canon EOS 40D na Nikon D300.

Kabla ya kuendelea, kuna kosa moja la kuepukwa. Menyu za kamera nyingi zina kipengele cha kuinua kioo kwa ajili ya kusafisha kihisi. Hicho si kile tunachokizungumzia hapa. Kipengele cha usafi hufungua shuta na kukiacha kihisi wazi, wala hakipigi picha. Aliyenunua kamera ya mtumba isiyo na kitabu cha maelezo hukiona kipengele hicho kwanza na kudhani amekwisha kupata alichokuwa akikitafuta.

Mizani ya kupimia

Njia hizi mbili hulinganishwa mara nyingi kwa swali moja tu, nalo ni ipi inayotuliza kamera zaidi. Swali hilo ni la haki lakini halitoshi, kwa sababu katika kamera nyingi zote mbili hukiondoa kioo njiani sawasawa, na kinachozitofautisha ni kile ambacho mpiga picha anaweza kukiona na kukifanya wakati kioo kikiwa juu. Kwa hiyo nitazipima kwa mambo matano: jinsi kila moja inavyopunguza mtetemo, usahihi wa fokasi, uwezo wa kupanga picha na kupima mwanga, mwendo wa kazi pale picha zinapokuwa nyingi, na gharama yake kwa betri, joto na usalama wa kamera. Mtetemo na fokasi nitazikalia kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo picha nyingi huharibikia.

Mtetemo

Mtetemo wa kioo hauharibu kila picha. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba unadumu robo ya sekunde. Picha ya 1/15 ya sekunde itaanza na kumalizika ndani ya mtetemo huo, kwa hiyo itatikiswa muda wake wote. Picha ya sekunde 20 itaguswa kwa sehemu moja kati ya 80 ya muda wake, na sehemu hiyo ni ndogo mno kuonekana. Picha ya 1/1000 nayo huisha kabla kamera haijapata nafasi ya kusogea. Eneo la hatari basi ni la katikati, takriban kuanzia 1/60 hadi sekunde moja, na eneo hilo hupanuka kadiri lenzi inavyokuwa ndefu au kitu kinachopigwa kinavyokuzwa, kama ilivyo katika picha za makro. Anayepiga harusi mchana kwa 1/250 akiwa ameshika kamera mkononi hana haja na njia yoyote kati ya hizi mbili.

Kufunga kioo juu huumaliza kabisa mtetemo wa kioo, mradi mpiga picha asubiri sekunde mbili au zaidi kati ya kubonyeza kwa kwanza na kwa pili, na mradi bonyezo la pili litoke kwenye rimoti au kwenye kipima muda cha kamera. Anayefunga kioo kisha akabonyeza kwa kidole ameondoa tikiso moja na kuleta jingine kubwa zaidi. Hata hivyo, njia hii peke yake haigusi chanzo cha pili cha mtetemo, ambacho ni pazia la kwanza la shuta, lile linalofunguka kuanzisha picha. Pazia hilo ni jepesi kuliko kioo, lakini mshtuko wake hutokea papo hapo picha inapoanza, kwa hiyo hakuna kusubiri kunakoweza kuuponya. Kwa vihisi vya zamani haukuonekana sana. Vihisi vya megapikseli 36 na zaidi vilipokuja, wapiga picha wenye lenzi ndefu walianza kuuona. Nikon walilijibu tatizo hilo katika D810 ya mwaka 2014 kwa pazia la kwanza la kielektroniki, ambapo kihisi chenyewe huanzisha picha bila kitu chochote kusogea. Katika kamera hiyo pazia hilo hufanya kazi kwenye hali ya Mup tu, yaani hali ya kufunga kioo. D850 ya mwaka 2017 iliruhusu litumike pia katika hali za upigaji wa kimya.

Mwonekano mbashara una habari njema na habari za kutiliwa shaka. Habari njema ziko zaidi kwa watumiaji wa Canon. Kuanzia 40D, kamera zao nyingi zina kipengele cha upigaji wa kimya ndani ya mwonekano mbashara, na kipengele hicho hutumia pazia la kwanza la kielektroniki: kioo kimekwisha kuinuka, picha huanzishwa na kihisi, na pazia la kimakanika husogea mwishoni tu, wakati kila kitu kimekwisha kurekodiwa. Kwa utulivu, ni vigumu kupata zaidi ya hapo kwenye DSLR. Shaka inakuja kwa kamera ambazo, ingawa skrini inaonyesha mandhari, hushusha kioo na kukiinua tena wakati wa kupiga. Baadhi ya Nikon, hasa za zamani na za daraja la chini, hufanya hivyo, na mmiliki anaweza kutumia mwonekano mbashara miaka mitatu akiamini kwamba ameshinda mtetemo wa kioo, kumbe upo vilevile.

Njia ya kujua ni rahisi. Washa mwonekano mbashara, weka jicho kwenye kitazamio, ambacho sasa ni cheusi kwa sababu kioo kiko juu, kisha piga picha. Giza likiendelea mpaka mwisho, kioo hakikusogea. Ukiona mandhari ikimulika kwa nukta moja, kioo kimeshuka na kupanda.

Kwa hiyo kwa kigezo hiki jawabu hutegemea nembo na modeli. Mwenye Canon yenye upigaji wa kimya hupata utulivu mkubwa zaidi kwenye mwonekano mbashara. Mwenye D810 huupata kwenye hali ya Mup. Mwenye kamera inayorusha kioo hata skrini ikiwa imewashwa hana budi kufunga kioo, kama kamera yake inaruhusu.

Fokasi

Picha iliyotulia lakini ikakosa fokasi ni picha iliyoharibika kwa utulivu, na mimi naona makosa ya fokasi ni mengi kuliko ya mtetemo, ila hulaumiwa kidogo kwa sababu mtu huona aibu kuyakiri.

Anayefunga kioo juu ni lazima amalize fokasi kabla kioo hakijapanda. Vihisi vya fokasi vya DSLR viko chini ya sanduku la kioo, na mwanga wao huletwa na kioo kidogo cha pili kilicho nyuma ya kile kikubwa. Vyote viwili vikiinuka, fokasi ya kujiendesha haipo tena. Faida yake ni kwamba mfumo huo, kabla ya kioo kupanda, ni wa haraka na hufanya kazi vizuri kwa mwanga wa kawaida. Kasoro yake ni kwamba fokasi hupimwa mahali pengine, si kwenye kihisi kinachopiga picha, na kamera na lenzi zikitofautiana kidogo, fokasi huangukia mbele au nyuma ya pale ulipokusudia. Kamera za daraja la kati na la juu zina kipengele cha kurekebisha tofauti hiyo kwa kila lenzi; za bei nafuu mara nyingi hazina.

Mwonekano mbashara hupima fokasi kwenye kihisi chenyewe, kwa hiyo tofauti hiyo haipo. Unaweza kuikuza sehemu ndogo ya picha mara tano au mara kumi, ukazungusha pete ya lenzi polepole mpaka uzi wa karatasi au ukingo wa mwezi uonekane mkali. Kwa kitu kisichosogea, hakuna njia nyingine ya DSLR inayoifikia hii kwa usahihi. Udhaifu ulikuwa upande wa fokasi ya kujiendesha, kwani kamera za mwanzo zilitafuta fokasi kwa kulinganisha ukali wa picha, zikienda mbele na kurudi nyuma kama mtu anayetafuta swichi gizani. Canon EOS 70D ya mwaka 2013 ilibadilisha hali hiyo kwa kihisi chenye pikseli pacha, na kamera za Canon zilizoufuata mfumo huo hufokasi kwenye skrini kwa wepesi wa kuridhisha. Ukiwa na kamera ya kabla ya hapo, panga kutumia mkono.

Hilali ni mfano mzuri hapa. Uzi mwembamba wa mwanga katika anga ambayo bado haijakolea giza huwapa vihisi vya fokasi kitu kidogo mno cha kukamata, na lenzi hubaki ikihangaika huku mwezi ukishuka. Skrini iliyokuzwa mara kumi humaliza kazi hiyo kwa muda mfupi.

Kupanga picha na kupima mwanga

Kioo kikifungwa juu, kitazamio huwa cheusi. Picha imepangwa tayari, mwanga umepimwa tayari, na kuanzia hapo mpiga picha anaangalia kwa macho yake tu. Hili si baya kila wakati. Katika kichochoro cha Mji Mkongwe wa Zanzibar, mbele ya mlango wa nakshi, jioni, kwa f/11 (tundu la lenzi likiwa limebanwa) na robo ya sekunde, kinachosubiriwa ni wapita njia waondoke, na macho yaliyo huru huona anayekuja kwenye kona kabla skrini haijamwona. Ila ni muhimu kukifunika kitazamio wakati wa kupima mwanga, kwa sababu bila jicho kukiziba, mwanga wa nyuma huingia na kuidanganya kamera. Kipande kidogo cha mpira kilichokuja kwenye mkanda wa Canon nyingi, ambacho wengi hawajui ni cha nini, ni cha kazi hiyo. Jambo jingine ni kwamba vitazamio vya kamera nyingi za bei nafuu huonyesha takriban asilimia 95 tu ya picha, kwa hiyo waya wa umeme uliodhani umeukwepa unaweza kujitokeza pembeni.

Mwonekano mbashara huonyesha eneo lote, na juu yake huweza kuweka gridi ya mistari, ambayo kwa milango, majengo na kurasa za vitabu ni msaada mkubwa, kwa sababu fremu iliyoinama kwa digrii moja huonekana mara moja. Kamera nyingi huonyesha pia histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwanga na giza) na wangavu wa picha itakavyotoka, ukiwa bado hujapiga. Mchana wa jua kali skrini haisomeki, lakini kanga nzito iliyofunikwa juu ya kichwa na kamera hutatua hilo. Wapiga picha wa zamani wenye kamera za mbao walifanya hivyohivyo, kwa hiyo asitokee mtu akacheka.

Mwendo wa kazi

Kufunga kioo ni kubonyeza mara mbili kwa kila picha. Kwenye Canon, usipobonyeza mara ya pili, kioo hushuka chenyewe baada ya sekunde 30 bila kupiga. Kwenye Nikon, baada ya kama sekunde 30 kamera hupiga picha yenyewe, na ndiyo maana baadhi yetu tuna picha nzuri sana za sakafu. Njia ya kupunguza usumbufu kwenye Canon ni kuunganisha kufunga kioo na kipima muda cha sekunde mbili: bonyezo moja huinua kioo, sekunde mbili hupita, picha hupigwa. Nikon kadhaa zina kipengele cha kuchelewesha picha ambacho hufanya kazi inayofanana na hiyo. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kufunga kioo kwenye Canon huzima upigaji wa mfululizo, hata kama umeuchagua.

Mwonekano mbashara ni bonyezo moja. Tofauti hiyo haionekani kwa picha tano, bali kwa mia mbili. Anayenakili shajara, barua za familia au hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kamera ikiwa imeelekezwa chini kwenye stendi ya kunakilia, hufungua ukurasa, hutazama kama umekaa sawa, hupiga, hufungua mwingine. Kwa kufunga kioo bila kipima muda, kurasa 200 ni mabonyezo 400 na hakuna kuona. Kwa mwonekano mbashara ni 200, na kamera za Canon zikiunganishwa na kompyuta huweza kupeleka taswira hiyo kwenye skrini kubwa, ambapo hata mwenzako anayefungua kurasa ataona kwamba kona imekunjika.

Kuna masharti mawili ya upigaji wa kimya wa Canon ambayo hupuuzwa. Flashi zisizo za Canon hazitawaka kipengele hicho kikiwa kimewashwa. Tena, ukitumia pete za kurefusha lenzi kwa ajili ya makro, au ukiisogeza wima lenzi ya kuinamisha na kuhamisha, ni lazima ukizime, la sivyo mwanga wa picha hautatoka sawa. Anayefanya makro kwa pete hizo, basi, hupoteza ule utulivu wa ziada niliousifu hapo juu.

Betri, joto na jua

Hapa kufunga kioo kuna nafuu isiyo na ubishi. Kwa vipimo vya Canon wenyewe, betri ya EOS 6D hutoa takriban picha 1,090 kwa kitazamio na 220 kwa mwonekano mbashara. Ya 80D hutoa kama 960 dhidi ya 300. Anayekwenda mahali pasipo na umeme kwa siku mbili azingatie tarakimu hizo kabla hajafunga begi, na anayenakili hati atafute adapta ya umeme.

Joto ni jambo la pili. Kihisi kinachofanya kazi muda wote hupata moto, na kihisi chenye moto huongeza chembechembe kwenye picha. Canon hushauri kwamba kabla ya picha ndefu mwonekano mbashara uzimwe na kamera ipumzike kwa dakika kadhaa. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam ushauri huo una uzito kuliko ulivyo katika nchi za baridi.

Kuhusu jua, zote mbili zina hatari yake. Kioo kikiwa juu, lenzi iliyoelekezwa kwenye jua hukusanya miale kwenye mapazia ya shuta na inaweza kuyaunguza. Kwenye mwonekano mbashara miale hiyohiyo hukifikia kihisi. Anayesubiri hilali jua likiwa bado halijazama asiiache kamera imelielekea.

Nani anafaa wapi

Kufunga kioo juu kunamfaa mwenye subira na mpango, anayejua picha yake kabla ya kuipiga, anayepiga chache kwa siku, anayetaka betri idumu, au ambaye kamera yake hupiga kwa utulivu zaidi katika hali hiyo. Kunamfaa pia aliyezoea kupima kwa kitazamio na ambaye skrini humchosha macho. Mwonekano mbashara unamfaa anayefokasi kwa mkono, anayehitaji mistari iliyonyooka, anayefanya kazi ya kurudiarudia mbele ya meza, na anayeanza, kwa sababu hatua zake ni chache na makosa huonekana kabla ya kupigwa. Hakuna anayelazimika kuwa na njia moja tu. Wengi hufokasi kwenye skrini iliyokuzwa, wakazima skrini, wakazima fokasi ya kujiendesha isije ikavuruga kazi, kisha wakafunga kioo na kupiga.

Uchaguzi kwa mujibu wa hali

Ikiwa unapiga hilali, anza na mwonekano mbashara kwa ajili ya fokasi. Kama kamera yako ni Canon yenye upigaji wa kimya, baki hapohapo na upige. Kama kamera yako hurusha kioo, rudi kwenye kufunga kioo ukishamaliza fokasi, na upange fremu kwa kuacha nafasi upande ambao mwezi unashukia, kwani ukiwa karibu na ikweta hushuka karibu wima, na kila baada ya dakika mbili hivi huwa umesogea kwa upana wake mzima.

Kwa mwezi mpevu mambo ni mepesi zaidi. Kwa ISO (wepesi wa kihisi kuupokea mwanga) ya 100 na f/11, shuta ya karibu 1/100 huutosha, nayo iko ukingoni mwa eneo la hatari. Ukipandisha ISO hadi 400 na shuta hadi 1/400, kioo kinakoma kuwa tatizo na unaweza kupiga kwa kitazamio.

Kwa anga la nyota, picha ya sekunde 15 au 20 haihitaji kufunga kioo kwa sababu ya hesabu tuliyoifanya mwanzoni. Inahitaji fokasi, na fokasi hiyo itafutwe kwenye nyota moja angavu iliyokuzwa kwenye skrini, kisha skrini izimwe ili kihisi kipoe.

Kwa majengo, milango na vyumba vyenye mwanga hafifu, mwonekano mbashara wenye gridi ndio rahisi zaidi. Ila ukiwa kwenye kichochoro chenye watu na pikipiki, na betri ni moja, panga kwenye skrini, izime, kisha funga kioo na usubiri kwa macho.

Kwa hati na picha za zamani, tumia mwonekano mbashara, adapta ya umeme na kompyuta kama ipo. Kwa mwenye D810 anayetaka kila nukta ya ukali kwenye hati chache zenye thamani, fokasi ifanyike kwenye skrini na upigaji ufanyike kwenye hali ya Mup huku pazia la kielektroniki likiwa limewashwa.

Kwa wadudu na maua kwa mwanga wa asili, mwonekano mbashara unasaidia kufokasi, lakini upepo utakusumbua kuliko kioo. Ukitumia flashi kama chanzo kikuu cha mwanga, mmuliko wake mfupi ndio unaogandisha picha, na njia zote mbili hazina mchango mkubwa.

Kwa ndege na wanyama wanaosogea, achana nazo zote mbili. Tumia kitazamio, fokasi ya kujiendesha na shuta ya kasi, lenzi ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa maharage dirishani, injini ya gari ikiwa imezimwa. Isipokuwa kulasitara aliyesimama ukingoni mwa maji alfajiri kana kwamba amechongwa: huyo mpe mwonekano mbashara, kama kamera yako haishushi kioo.

Na ikiwa baada ya yote haya bado huna hakika kamera yako iko upande gani, bandika ukurasa wa gazeti ukutani, simamisha tripodi umbali wa mita tatu, funga lenzi yako ndefu kuliko zote, na uzime kitulizaji cha lenzi kama kipo. Piga picha tano tano kwa 1/4, 1/15 na 1/60: kwanza kwa kawaida, kisha kwa kufunga kioo, kisha kwa mwonekano mbashara, zote kwa rimoti au kipima muda. Zikuze kwenye kompyuta mpaka herufi ndogo zijae skrini, uone ni katika kundi lipi zinasomeka.